Shule inawatoa watoto kucheza kwenye theluji baridi ikiwa -20: ni malezi au ni ukatili?

MzeeWaPortage
Wakuu, habari za majukumu. Niko Winnipeg, Kanada, na naleta jambo lililotaka kuwagawa wazazi wa Kiswahili wa hapa kwetu.

Kwenye kikao cha mwisho mama mmoja, bado mgeni kiasi, alilalamika kwamba shule inamtoa mwanawe nje kila mapumziko, atake asitake, hata kipimajoto kikisoma -20 na theluji imefika magotini. Akapendekeza tuandike barua ya pamoja ili watoto wetu waachwe ndani mpaka Aprili. Wazee karibu wote wakamuunga mkono. Mmoja akasema hatukukimbia vita ili watoto waje kufa kwa nimonia, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi nilipinga, na napinga hapa pia. Kwanza niwaeleze utaratibu, maana wengi wanadhani mwalimu anafungua mlango tu kama anayefungulia kuku.

Shule za hapa haziangalii nyuzi za kipimajoto peke yake. Zinaangalia baridi ya upepo, yaani makali ambayo ngozi inayapata upepo ukivuma. Ikiwa -15 na upepo ni kilomita 20 kwa saa, ngozi inaonja -24. Ikiwa -20 na upepo ni kilomita 30, inaonja -33. Shule nyingi za Winnipeg zinaweka mpaka kwenye -27 hivi. Ikipita hapo hakuna anayetoka, watoto wanacheza karata na kuchora darasani. Ikiwa haijafika hapo, wote nje. Na mpaka huo haukuokotwa barabarani. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inasema kuanzia -28 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na kuanzia -40 ni dakika 5 hadi 10. Mapumziko ni robo saa. Piga hesabu mwenyewe.

Kipimo hicho kina historia yake. Miaka ya 1940 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, wakiwa Antaktika, waliweka maji kwenye kopo la plastiki wakaangalia yanachukua muda gani kuganda kadiri upepo unavyovuma. Watu wakatumia hesabu zao kwa miongo mingi, ingawa uso wa binadamu una damu inayotembea na kopo halina. Mwaka 2001 Kanada na Marekani wakaja na fomula mpya, baada ya kuwatembeza watu waliojitolea kwenye mashine ndani ya chumba cha upepo mjini Toronto, nyuso zimebandikwa vipimo. Hizo ndizo namba ambazo mwalimu mkuu anazisoma asubuhi kabla hajaamua.

Sasa mavazi. Suruali ya theluji kwanza, ile yenye mikanda ya mabegani. Halafu buti, jaketi, kofia, kifunika shingo, na glavu mwisho kabisa. Anayeanza na glavu hawezi kufunga zipu, kwa hiyo anavua zote na kuanza upya. Nimewahi kusimama koridoni wakati darasa la kwanza linajiandaa kutoka: mwalimu hamvalishi mtu, anaimba mpangilio na watoto wanamfuata, mmoja kavaa buti la kulia mguu wa kushoto na hana habari. Skafu ndefu shule nyingi hazizitaki kwa sababu zinanasa kwenye vyuma vya bembea.

Nje kuna sheria moja isiyovunjwa: theluji ikae chini. Hakuna kurushiana. Na hata ukitaka, kwa -20 donge halifinyangiki. Theluji ya baridi kali ni kavu, inamwagika kati ya vidole; mpaka hewa isogelee sifuri ndipo inashikana. Wanachofanya ni kupanda na kuteleza kwenye kilima kilichosukumwa na trekta pembeni ya uwanja, kuchimba, na kujilaza chali wakipunga mikono ili wabakize umbo la mabawa.

Winnipeg baridi ni karibu miezi mitano. Mtoto wa mwenzako atatoka humo na marafiki wa kilimani, wako atatoka na dirisha. Watoto wetu wageni Kiingereza chao cha kwanza wanakipata pale pale kilimani, kabla hata mwalimu hajafungua kitabu. Ndiyo maana nasema barua hiyo isiandikwe.

Karibuni.

Kipepeo wa Mbagala
Mkuu niko Mbagala, umeme umekatika tangu saa nne, feni inaniangalia tu na mimi naiangalia. Nitumieni kidogo hiyo -20 kwa basi la mkoani, nitalipia mzigo.

Utani kando, hao watoto kamasi wanapangusa na nini kama wamevaa glavu?

MzeeWaPortage
Na glavu. Glavu za watoto hapa zina kitambaa laini mgongoni mwa dole gumba, kazi yake ni hiyo hiyo.

BibiAsha_Pangani
Mwanangu Portage, nimesoma yote. Mimi ni bibi wa watu, nina wajukuu Columbus, Ohio, nilikaa nao msimu mmoja wa baridi. Nilichokiona ni hiki: mtoto anarudi nyumbani soksi zimelowa, mashavu yamekakamaa, halafu mnaniambia ndiyo malezi. Sisi tulilea. Mtoto akitoka kuoga tu tulimfunika kanga mbili asipigwe na upepo. Kichomi hakichezewi.

Hao wenzenu wana mazoea yao tangu mababu. Mtoto aliyezaliwa Pangani, ametoka juzi, unamwambia akalale kwenye barafu? Subirini kwanza mwili uzoee.

MamaWawili_MN
Shikamoo bibi. Niko Minneapolis, nina wawili shule ya msingi.

Kwa heshima zote bibi, nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu vinapenda chumba kilichofungwa madirisha ambamo watoto 28 wanakoholeana. Ndiyo maana mafua yanashamiri wakati watu wamejifungia. Lakini kwenye soksi zilizolowa nakuunga mkono asilimia mia. Soksi ikilowa, baridi ya robo saa inageuka ya nusu siku. Wangu kila mmoja ana jozi ya akiba ndani ya begi, na soksi za pamba siwavalishi kabisa. Pamba ikilowa inakaa na maji na kunyonya joto la mguu. Sufu au zile za nailoni nene.

Msidhani pia huku hawana kikomo. Januari 2014 gavana wa Minnesota alifunga shule za jimbo zima siku ya tarehe 6 kwa ajili ya baridi. Mwisho wa Januari 2019 tena, baridi ya upepo ilipita -45 za sentigredi na shule za Minneapolis zilifungwa siku kadhaa. Kilichowatia hofu siku hizo ni kituo cha basi zaidi ya uwanja wa michezo. Basi linaweza kukataa kuwaka, na mtoto amesimama barabarani dakika 20 hajui arudi nyumbani au asubiri. Mapumziko yana mlango wa kurudia ndani. Kituo cha basi hakina.

Kwa hiyo kama mnaandika barua, andikeni kuhusu basi.

Kiroba_Kimoja
Mnajichosha. Mzungu aliumbwa kwa ajili ya baridi, mweusi kwa ajili ya jua. Mwisho wa uzi, mods fungeni.

Cowtown_TZ
Kiroba, mimi niko Fort Worth, Texas, huku wazungu wamejaa. Februari 2021 barafu ilipopiga jimbo hili umeme ulikatika kwenye mamilioni ya nyumba, mabomba yakapasuka, na idadi rasmi ya waliokufa ilipita 200. Wengine waliuawa na hewa ya sumu kwa sababu waliingiza jiko la mkaa au jenereta ndani wapate joto, tena wengine ni wahamiaji kama sisi. Hao wazungu wa Texas waliumbwa na nani?

Kule kwa Portage baridi hiyo hiyo ni Jumanne ya kawaida. Tofauti iko kwenye mabomba yaliyozikwa chini na kuta zilizojazwa sufi.

Na burudani ipo. Januari 2025 New Orleans ilipata theluji ya inchi 8, mji ambao watoto wengi hawajawahi kuiona maishani. Shule zilifungwa, wakateleza kwa maboksi na vifuniko vya madumu ya plastiki. Hakuna aliyekuwa na suruali ya theluji, na siku hiyo hakuna aliyeitafuta.

DogoWaBarking
Ongezea Uingereza. Mwaka 2018 mkuu mmoja wa shule kule Dagenham, mashariki mwa London, alipiga marufuku wanafunzi kuigusa theluji. Kuigusa! Hoja yake: donge moja lenye kokoto likiingia jichoni, basi. Magazeti yakamcheka wiki nzima, lakini wazazi wengine walisema yuko sahihi. Hapa sentimita tano tu zinasimamisha treni, nusu ya walimu wanashindwa kufika na shule inafungwa. Kwetu theluji ni siku mbili kwa mwaka, nani atanunua matrekta ya kuisukuma?

MzeeWaPortage
Dogo umenikumbusha kisa cha Colorado. Mji mdogo unaitwa Severance ulikuwa na sheria ya zamani inayokataza kurusha vitu, na madonge ya theluji yakahesabiwa humo. Mwaka 2018 mvulana wa miaka 9 akaenda mbele ya baraza la mji na hoja zake kwenye karatasi, madiwani wakapiga kura wakaiondoa. Akapewa heshima ya kurusha donge la kwanza la halali. Wangu akijua habari hii nimekwisha.

Nesi_wa_Zamani
Wakuu, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, Dar na baadaye huku Ontario. Nitasema mambo ambayo hayajaguswa, na Portage naomba uyapeleke kwenye kikao chenu kama yalivyo.

La kwanza ni selimundu. Tanzania, Kongo na Nigeria ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na ndiko wanakotoka watoto mnaowazungumzia. Kwa mtoto wa selimundu, baridi ikipiga ngozi mishipa inajibana, zile chembe za damu zenye umbo la mundu zinakwama, na maumivu yanaanza mifupani. Nimeona mtoto aliyetoka kucheza akiwa anacheka, usiku wake yuko kwenye dripu ya dawa ya maumivu. Shule isiyo na uzoefu na watoto wetu haiwezi kubuni hilo. Mwalimu anaona mtoto anakataa kutoka, anadhani ni uvivu. Mtoto huyu awe na barua ya daktari, ruhusa ya kubaki ndani na rafiki mmoja siku za baridi kali, chupa ya maji mezani muda wote (hewa ya ndani yenye hita inakausha mwili kuliko mnavyodhani), na ruhusa ya kusema "nimechoka" bila kubembelezwa.

La pili ni pumu. Hewa baridi na kavu inabana vifua vya baadhi ya watoto wakikimbia. Dawa ya kuvuta iwe karibu, na kifunika shingo kipandishwe mdomoni ili hewa ipate joto kabla ya kuingia.

La tatu Kiroba asome taratibu, kwa sababu ana punje ya ukweli ingawa ameitumia vibaya. Kumbukumbu za majeshi ya Marekani na Uingereza zinaonyesha kwa miaka mingi kwamba askari weusi wanaumizwa na baridi vidoleni zaidi ya wenzao. Halafu vitabu vingi vinamwambia mwalimu atazame ngozi iliyogeuka nyeupe. Kwenye ngozi yetu inageuka ya kijivu, inapauka na kuwa ngumu, na mwalimu hajafundishwa kuitambua. Mwambieni. Na mtoto afundishwe dalili yake mwenyewe: kidole kikianza kuwasha na kuchoma, rudi ndani, kikiacha kuuma na kufa ganzi, umechelewa, kimbia kwa mwalimu. Usikisugue, usikipake theluji, usikiweke juu ya hita. Maji ya uvuguvugu, basi.

Hakuna hata moja katika haya linalosema watoto wote wabaki ndani mpaka Aprili.

BibiAsha_Pangani
Nesi Mungu akubariki. Huyu ndiye ameongea. Mjukuu wangu mmoja ana selimundu, na hakuna aliyeniambia habari ya maji.

MzeeWaPortage
Nesi nimeinakili yote. Tena hilo la selimundu ndilo linanizidishia kuikataa barua ya pamoja. Ukiandika "watoto wetu wote", yule mwenye shida ya kweli anapotea katikati ya wazima 40, na shule itatuona tumeogopa theluji tu. Kila mwenye hoja ya kitabibu aende na ya mwanawe, na kikao kimsaidie kuiandika kwa Kiingereza.

Nyahu_Finest
Wasee niaje. Mimi ni Mkenya, saa hii niko Nakuru, sijawahi toka nje ya nchi lakini theluji karibu niiguse.

Si mnakumbuka Septemba 2008 pale Busara, karibu na Nyahururu? Mvua ya mawe ilinyesha ikashikana, mlima mzima ukawa mweupe. Watu wa meteorolojia walieleza ni mawe ya mvua, lakini nani alikuwa anasikiliza? Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuona, watoto wanakanyaga bila viatu, wengine wanakula, wengine wanabeba kwa mifuko wapeleke nyumbani. Hakuna mzazi aliuliza kama ni baridi. Kila mtu alikuwa amefurahi.

Sasa fikirieni: siku moja ya barafu tulifanya sherehe. Lakini mafuriko ya 2024 yalipokuja, muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe mwisho wa Aprili, ukasukumwa, ukasukumwa tena, shule zikafunguliwa katikati ya Mei. Na kuna watoto walikuwa wanavuka mito kwenda shule kila mwaka kabla ya hapo na hatukuandika barua yoyote.

Mwana_Kivu
Jambo bandugu. Miye niko Edmonton, nilitoka Bukavu. Batoto bangu banapenda theluji kushinda baba yabo, hilo niliseme mbele.

Huyu wa Nyahururu amegusa kidonda. Mei 2023 mvua iliteremka Kalehe, kwetu Kivu, maji na mawe vikazika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu mamia balikufa, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Ukiuliza watu ya kwetu ni nini kilitokea, banasema mvua ilinyesha. Basi. Mvua! Halafu ndugu yangu mwenyewe akiniona kwa simu na batoto nje kwenye -18, analia, anasema ninaua batoto. Kule hakuna king'ora, hakuna mtu wa kusema leo musilale bonde. Huku mbele dhoruba haijafika simu zote zinalia.

Kitu kinanisumbua huku siyo baridi, ni giza. Desemba mutoto anaenda shule giza, anarudi giza linaingia. Mwanga anaupata mapumziko tu. Ukimukataza kutoka saa sita hiyo, jua ataliona wapi?

Tampere_Kaka
Mwana_Kivu umesema kweli tupu. Niko Ufini. Hapa Tampere Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kwenye saa tisa alasiri linazama. Kila baada ya kipindi cha dakika 45 watoto wanapata mapumziko, na mapumziko maana yake ni nje. Mvua, theluji, upepo, nje. Shule nyingi zinaanza kuwabakiza ndani baridi ikipita -15 au -20, kila mji na utaratibu wake.

Kilichonishangaza nilipofika ni vichanga. Mama anakula ndani ya mgahawa, kigari cha mtoto kiko nje kwenye theluji na mtoto amelala fofofo, amefungwa kwenye mfuko wa manyoya, pua tu ndiyo inaonekana. Nilitaka kuita polisi. Mke wangu, ambaye ni wa hapa, akaniambia wote katika ukoo wao walilazwa hivyo.

Kitu kimoja nawashauri mlio Kanada: viakisi mwanga. Vile vidude vya plastiki vinavyoning'inia kwenye jaketi. Hapa sheria ya barabara inamtaka anayetembea kwa miguu gizani avivae. Havigharimu kitu, na dereva anamwona mtoto mapema sana kuliko akiwa na jaketi jeusi tupu. Watoto wetu tunawanunulia majaketi meusi ili yasionyeshe uchafu. Fikirieni.

Sakitu_Makete
Mnaongea kama Tanzania yote ni Mbagala. Mimi ni mwalimu, nimefundisha Makete. Juni na Julai unaamka asubuhi majani yamekuwa meupe kwa sakitu, viazi vimeungua, maji kwenye ndoo yana kigamba. Watoto wanakuja shule na sweta moja na kandambili. Darasa halina dari, dirisha halina kioo. Hakuna aliyewahi kutuma kipimo chochote cha kuamua wabaki ndani au watoke, maana ndani na nje ni kulekule. Tulichokifanya walimu ni kusogeza mstarini mbele kidogo ili jua litoke kwanza, na kuwaacha wakimbie uwanjani dakika kumi kabla ya kipindi cha kwanza. Waliokimbia waliandika vizuri, vidole vimepata joto.

Hatari yetu iko usiku. Familia inafunga mlango na jiko la mkaa ndani. Huyo wa Texas ameeleza vizuri, na huku kila msimu tunasikia.

Muskati_79
Assalaam alaykum. Sisi wa Omani tunaiona theluji mara moja moja kule Jabal Shams, watu wanaendesha magari usiku kucha kwenda kupiga picha. Kinachotutisha ni wadi, yale mabonde makavu yanayogeuka mito ghafla mvua ikinyesha. Aprili 2024 maji yalishuka Samad al-Shan na gari lenye watoto wa shule likasombwa. Tangu hapo mzazi hangoji tangazo, wingu likisimama milimani mtoto haendi shule. Wengine wanaona imezidi. Mimi wangu simpeleki.

Kipepeo wa Mbagala
Muskati pole sana. Na Arusha mwezi huo huo basi la shule lilisombwa korongoni, watoto wakafa. Nimeacha utani.

Dereva_wa_Nimule
Mimi napeleka mizigo Juba. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa joto, walitabiri 45. Februari 2025 wakafunga tena, wanafunzi walikuwa wanazimia. Madarasa ni mabati, wakati mwingine mahema. Nilipaki karibu na shule moja, watoto wamejibanza kwenye kivuli cha lori langu badala ya darasani, na mwalimu anafundisha akiwa amesimama hapo hapo. Sikuondoa lori mpaka kipindi kikaisha.

Kwa hiyo ninyi wa -20 mna mlango, hita, glavu na mtu wa kusoma kipimo asubuhi. Mwacheni mtoto ateleze.

Kiroba_Kimoja
Sawa nimeelewa, msinipige wote. Ila Texas imeniuma.

MamaWawili_MN
😂 Kiroba karibu Minneapolis Januari, tutakuvalisha.

Nirudi kwenye vitendo, maana nadhani kiini cha malalamiko ya yule mama ni pesa na hakusema mbele za watu. Seti kamili ya mtoto mmoja, yaani jaketi, suruali, buti na glavu, dukani inaumiza, na mwakani haimtoshi. Nendeni maduka ya mitumba kuanzia Agosti, kabla wenyeji hawajaamka. Buti chukua namba moja juu ili soksi nene ipate nafasi. Buti ya kubana inazuia damu na mguu unapoa haraka zaidi. Glavu nunueni jozi tatu za bei nafuu kuliko jozi moja ya fahari, kwa sababu moja itapotea wiki ya kwanza, na kila kitu kiandikwe jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Shule nyingi pia zina kabati la nguo za bure. Unamwambia karani wa ofisini au mwalimu, hawatangazi. Wangu wa kwanza suruali yake ilitoka humo, na hakuna mtoto aliyejua.

MzeeWaPortage
MamaWawili umegonga penyewe. Nimempigia yule mama jana baada ya kusoma hapa. Sikumtajia pesa, nilimuuliza tu mtoto anavaa namba gani ya buti. Kimya kidogo, halafu akaniambia anavaa za mvua, zile za mpira. Za mpira, baridi ya -20! Ningekuwa mimi ningeandika barua kali zaidi ya yake.

Kikao kijacho ni Jumamosi saa nane mchana, ukumbi ule ule. Agenda ya barua ya pamoja nimeomba iondolewe, katibu amekubali shingo upande. Badala yake kila familia ilete kilichowabana watoto: majaketi, suruali za theluji, buti. Nahitaji hasa buti za mtoto wa miaka saba na suruali za miaka mitano hadi tisa. Nesi, kama una nusu saa ungana nasi kwa simu, wazazi watatu wameshaniuliza kuhusu selimundu.

Nesi_wa_Zamani
Nipo. Nitumie saa zenu, msinichanganye na za Ontario.

Mwana_Kivu
Portage, niko na buti mbili, mutoto amezikataa kwa sababu ya rangi. Nitatuma na basi ya Ijumaa. Ni za waridi, usiseme sikukuambia.